Nusu Pointi na Ndoo ya Tatu

Jumamosi, 2 Machi

Daftari hili lilikuwa la binti yangu. Kurasa za mbele kazijaza hesabu za kidato cha nne, za nyuma kaniachia mimi. Yeye zake zilikuwa za kupata cheti. Zangu ni za kupata hela.

Nijitambulishe, maana siku moja mtu atalisoma na kutaka kujua bingwa alikuwa nani. Mimi ndiye mtunza ukumbi wa mpira wa kikapu. Miaka kumi na moja sasa. Natandika viti, naosha vyoo, nabadilisha taa, na siku ya mechi nakaa pembeni ya uwanja na deki yangu. Jasho likidondoka, nakimbia, nafuta, nanyanyua kidole gumba juu. Mwamuzi hatoi mpira mpaka aone kidole hicho. Watu wanadhani mwamuzi ndiye mkubwa uwanjani. Waulize waamuzi wenyewe.

Shule niliishia darasa la sita, au tuseme yenyewe ndiyo iliyoniishia. Lakini nimetembea, nimefanya kazi kwenye meli na kwenye hoteli, na nimetongoza kwa lugha nne na kukataliwa kwa tano. Hakuna wa kunidanganya.

Mwaka huu kampuni ya kubeti imeiweka ligi yetu kwenye simu. Na si kubeti tu nani atashinda, hiyo ni ya watoto. Unabeti jumla ya pointi za timu zote mbili, tena mechi ikiwa inaendelea. Kampuni inaweka namba, tunaiita mstari. Ukiona jumla itapita mstari, unachukua juu. Ukiona haitafika, chini. Na mstari unapandashuka kila dakika kufuata mchezo.

Wao wanakaa ofisini wanatazama namba. Mimi nafuta jasho la wachezaji kwa mkono wangu. Sasa nani anajua nani kachoka?

Jumapili, 3 Machi

Vyoo. Basi.

Jumatano, 6 Machi

Mbinu ya kwanza, naiandika isipotee: usibeti kabla ya mechi. Acha robo ya kwanza iishe.

Leo wanaume walianza kama wamekunywa petroli. Pointi arobaini na nne kwa dakika kumi! Mstari ulioanza mia arobaini na moja na nusu ukaruka mpaka mia hamsini na mbili na nusu. Kinyozi wangu, ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wa ukumbi na tunabeti pamoja, akaninong'oneza, "Juu, mkuu! Hawa leo watafika mia mbili!"

Nikamwambia, "Wewe nyoa vichwa, mimi nivitumie." Nilikuwa nimefuta chini ya kapu mara sita. Jasho la mtu anayekimbia kwa raha ni matone. La mtu anayekufa ni bakuli. Nikachukua chini. Jumla ikaishia mia arobaini na saba.

Kinyozi kaninyoa bure. Nilipofika nyumbani mama watoto akauliza, "Nani kashinda?"

"Mia arobaini na saba," nikamjibu.

"Nimekuuliza nani, sijakuuliza ngapi."

Sikujua. Nikaenda kuoga.

Jumamosi, 9 Machi

Mbinu ya pili ni faulo. Timu ikimaliza faulo zake mapema katika robo, kila ikimgusa mtu tena wapinzani wanasimama kwenye mstari wa mitupo huru, saa imelala, pointi zinaingia kama mshahara wa serikali. Hapo juu.

Ya tatu ni dakika mbili za mwisho. Wakipishana pointi nne mpaka nane, aliye nyuma atafanya faulo za makusudi ili saa isimame, na jumla inapanda. Wakipishana ishirini, kila mtu anatembea tu, anawaza nauli. Chini.

Na ile nusu inayokaa kwenye mstari kila siku? Nimefagia ukumbi huu miaka kumi na moja, sijawahi kuokota nusu pointi. Ipo kwenye simu tu, kazi yake kukata maini.

Jumatano, 13 Machi

Mvua imeanza. Paa letu lina matundu matatu, tumezoeana kama ndugu. Tundu la kwanza liko juu ya jukwaa, la pili juu ya meza ya karani wa alama, la tatu liko juu ya uwanja wenyewe, kulia kidogo ya mstari wa pointi tatu. Nina ndoo tatu. Ile ya tatu siwezi kuiweka uwanjani, kwa hiyo nimeifunga juu kwenye nondo za paa kwa waya. Ufundi wangu mwenyewe. Wahandisi waje wajifunze.

Hapo hapo ndipo anapopenda kugeukia binti yangu. Wanamwita Tiara, kwa sababu akipata mpira anapaa, anayumba, unadhani kakatika kamba, kumbe kashafika. Ana miaka kumi na tisa. Urefu kachukua kwa mama yake, uzuri kwangu.

Alinijia baada ya mazoezi ananionyesha soli. "Baba, tazama. Naona soksi."

"Mwezi huu unapata vipya, mama. Neno langu."

Akacheka. "Neno lako nimelivaa tangu mwaka jana."

Jumamosi, 16 Machi

Mbinu ya nne, na hii hakuna kampuni duniani inayoijua. Mvua ikinyesha, hewa ya ukumbi inakuwa nzito, sakafu inashika unyevu. Mchezaji haamini mguu wake. Hakati kona kwa kasi, anapiga pasi badala ya kuingia. Mchezo unapoa.

Mvua ni chini. Nimeichukua mara mbili leo, wanawake na wanaume, zote zimeingia.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Chini. Imeingia.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Chini. Imeingia. Kinyozi kaanza kuniita Profesa mbele ya wateja. Namkataza, lakini si kwa nguvu.

Katibu wa ligi, mwanamama aliyechezea timu ya taifa enzi zake na bado anatembea kama anakaba mtu, kabandika tangazo mlangoni: mtu yeyote mwenye kazi uwanjani haruhusiwi kubeti mechi za ligi. Kila mmoja atie saini. Nilitia. Nina saini nzuri sana, ina mkia.

Nikawaza: wanasema wachezaji na waamuzi, wanaoweza kuharibu mchezo. Mimi mtu wa deki nitaharibu nini?

Jumatano, 27 Machi

Mbinu ya tano imenitoa machozi. Muda wa nyongeza unahesabiwa.

Wanaume. Nimechukua chini ya mia thelathini na nane na nusu, na safari hii niliweka ya maana, maana mvua ilikuwa inapiga mabati kama wamerusha kokoto. Sekunde nne zimebaki, sitini na sita kwa sitini na nne. Jumla mia thelathini. Nimeshakula! Kijana mmoja mrefu, ambaye msimu mzima hajafunga hata kamba za viatu, katupa mpira amefumba macho. Ukaingia. Sare. Dakika tano za nyongeza. Wakafika mia arobaini na tisa.

Viatu vya Tiara vilikuwa humo ndani ya simu.

"Pole, Profesa," kinyozi akasema.

"Usiniite Profesa."

Jumamosi, 30 Machi

Mvua. Sikulala vizuri.

Jumatano, 3 Aprili

Nyumba nzima inaimba. Kocha wa chuo kimoja kikubwa ametuma habari: anakuja kutazama mechi ya tarehe ishirini, anatafuta wasichana wawili wa kuwapa nafasi ya masomo, ada bure, chakula bure, kitanda bure. Kocha wa timu yetu kamwambia Tiara jina lake liko juu ya orodha.

Mama watoto kaacha cherehani katikati ya pindo, kaenda jikoni, kafunga mlango. Tukasikia analia. Tiara akagonga: "Mama, ni habari nzuri!" "Najua! Niacheni!"

Mimi nikasema nilijua tangu yuko tumboni, alivyokuwa anapiga mateke.

Lazima viatu vipatikane kabla ya tarehe ishirini.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Chini. Imeingia, lakini kidogo. Bado havijafika viatu.

Jumatano, 10 Aprili

Naandika haya saa moja asubuhi ya Alhamisi, kwenye benchi la hospitali. Kalamu nimeazima kwa nesi. Nitaandika kama ilivyokuwa, kwa sababu sina wa kumwambia.

Ilikuwa mechi ya wanawake, timu ya Tiara. Niliweka chini ya mia na tisa na nusu. Niliweka pesa yote iliyokuwemo kwenye simu. Hesabu yangu ilikuwa safi: mvua, sakafu nzito, timu mbili zinazokaba. Ikiingia, viatu vinanunuliwa Alhamisi.

Robo ya nne, dakika nne kasoro zimebaki, jumla ilikuwa mia na tatu. Zikiingia sita niko salama, zikiingia saba nimekwisha. Na wasichana wakaanza kuwaka. Kila wakipanda wanatupa.

Upepo uligeuka. Nikasikia tone halianguki ndani ya ndoo ya tatu. Tofauti ya sauti naijua: ndoo inasema ti, sakafu inasema ta. Nikasikia ta. Tena ta. Nikatazama, pale kulia ya mstari wa pointi tatu maji yamekaa, upana wa sahani.

Filimbi ikalia, faulo. Mpira umesimama. Hiyo ndiyo nafasi yangu, sekunde zangu kumi na tano ninazolipwa. Nikainuka na deki. Nikaenda. Nikafuta upande wa kushoto, palipokuwa pakavu.

Sijui namna ya kuandika hili. Sikutaka mtu aanguke. Niliwaza hivi: waone maji, waogope kidogo, mchezo upoe. Dakika tatu tu. Hicho ndicho nilichowaza, na kilinijia kwa utulivu kabisa, kama mtu anayewaza anunue nyanya au vitunguu.

Mwamuzi akanitazama. Nikanyanyua kidole gumba.

Akatoa mpira.

Nilisahau. Hili ndilo linaloniua. Miaka kumi na moja namtazama anageukia pale pale, nimeandika mwenyewe kwenye daftari hili kwamba ndipo anapogeukia, nikasahau kwamba kati ya watu kumi uwanjani mmoja ni wangu. Niliona namba tu. Tiara akapokea pasi, akampiga mtu chenga, akageuka. Mguu wa kushoto ukaenda peke yake.

Mlio wa mtu kuanguka kwenye mbao unatofautiana. Huu nilikuwa sijawahi kuusikia.

Nilikuwa wa kwanza kumfikia, na deki bado mkononi. "Baba," akasema, kanishika shati, "baba, kifundo." Hakulia. Nililia mimi, watu wakasema, jamani baba wa watu ana huruma.

Mechi ikaendelea bila yeye. Simu ikatetemeka mfukoni tukiwa kwenye gari la hospitali. Jumla mia na saba. Chini imeingia.

Alhamisi, 11 Aprili

Hakuna mfupa uliovunjika. Kano za kifundo zimevutika vibaya. Daktari anasema wiki nne, pengine zaidi. Kocha wa chuo anakuja baada ya siku tisa.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimefuta sakafu. Sikubeti.

Jumapili, 14 Aprili

Nimempelekea uji. Mguu kauweka juu ya mto.

"Baba, usinune hivyo. Kosa langu."

"Kosa lako nini?"

"Viatu. Niliona kabisa soli zimekwisha, ningeazima kwa mwenzangu. Nikajidai. Sikukusumbua tena kwa sababu najua unahangaika."

Nikasema uji utapoa. Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya tangi la maji kama mwizi.

Kinyozi kapita. "Profesa! Katikati ya matatizo yote lakini ile chini uliipiga kisawasawa. Mungu hakupi yote, anakupa hiki anakunyima kile." Nilitaka kumpiga. Lakini yeye kakosa nini? Anarudia tu niliyomfundisha.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua. Nimefuta.

Jumamosi, 20 Aprili

Kocha wa chuo amekuja. Mwanamama mfupi, miwani, anaandika sana. Tiara alikaa benchi na magongo, anawapigia wenzake kelele mpaka sauti ikakauka. Msichana mwingine wa timu yetu kachukuliwa, na alistahili. Nafasi ya pili yule mwanamama hajaitoa, anasema atarudi kwenye fainali tarehe kumi na moja Mei, aone.

Tiara alimkumbatia mwenzake, akacheka, akapiga naye picha. Kisha akaniomba nimsaidie kwenda chooni, na humo akakaa muda mrefu. Nilisimama mlangoni. Choo nilikiosha mwenyewe asubuhi. Nikasikia bomba limefunguliwa ili mtu asisikie kingine.

Jumapili, 21 Aprili

Nimemwambia.

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, mimi mtu wa maneno, ningeweza kumuuzia samaki maji. Nilipokaa kitandani kwake yote yakakimbia. Nikasema: "Si viatu. Maji niliyaona. Nilifuta pembeni makusudi. Nilikuwa nimebeti."

Hakupiga kelele. Alinitazama kama anayesoma maandishi ya mbali.

"Na kidole ulinyanyua?"

"Nilinyanyua."

"Ulikuwa unataka tufungwe?"

"Hapana! Haki ya Mungu. Ilikuwa jumla tu. Nilitaka iishie chini ya mia na tisa na nusu."

"Ikaishia ngapi?"

"Mia na saba."

Akaurekebisha mguu juu ya mto. Halafu akauliza, polepole, "Baba, ile mechi nani alishinda?"

Sikujua. Siku kumi na moja zimepita, mwanangu kavunjiwa msimu, nyumba nzima inaizungumzia mechi ile asubuhi na jioni, na mimi sikujua.

"Tulifungwa," akasema. "Hamsini na moja kwa hamsini na sita. Sasa naomba unipishe."

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekwenda kwa katibu wa ligi. Nilisimama, hakuniambia nikae.

"Tangazo ulitia saini, mzee."

"Nilitia."

"Ulilisoma?"

"Nilisoma sehemu ya saini."

Hakucheka. Hata mimi sikuwa nimekusudia utani, ulitoka wenyewe kwa mazoea. Akasema kwa haki angenifukuza leo hii, ila hakuna aliyemwambia zaidi yangu, na hilo amelipima. Vyoo na viti nitaendelea. Sakafu siku ya mechi sitaigusa tena. Pesa ya chini ile niitoe ikatengeneze paa. Imetosha bati mbili, tundu la kwanza na la pili. La tatu limebaki.

Alhamisi, 25 Aprili

Mama watoto kaambiwa. Kaendesha cherehani mpaka uzi ukaisha, kisha akaendelea kuiendesha bila uzi.

Jumatano, 1 Mei

"Mama, mwambie baba chumvi iko huku."

"Kasema chumvi iko huku."

"Mwambie nimeiona."

Ndiyo maisha yetu ya mezani. Siku ya kumi leo. Tiara kaanza kukanyaga chini. Viatu vyake vya zamani nimevipeleka kwa fundi viatu, kavibandika soli mpya. Nimelipa kwa redio yangu. Nimeviacha mlangoni kwake bila hotuba.

Jumapili, 5 Mei

Kinyozi kanifuata. Anataka mbinu ya fainali. Nikampa daftari asome kuanzia tarehe kumi Aprili. Alisoma amesimama, kisha akakaa kwenye kiti chake mwenyewe cha wateja.

"Mkuu," akasema, "mimi nilikupongeza."

"Ulinipongeza."

Akachukua mkasi, akaninyoa. Hakunidai.

Jumamosi, 11 Mei

Fainali. Nimelipa kiingilio, mara ya kwanza maishani. Nimekaa jukwaani kati ya mama watoto na kinyozi. Unaona uwanja wote kutoka kule juu, sikujua. Kutoka pembeni nilikuwa naona miguu tu.

Mvua ilianza robo ya pili. Mtu mpya wa deki anafuta kama anapaka mkate siagi. Nilikalia mikono yangu.

Tiara aliingia robo ya tatu, kafungwa bandeji, na soli mpya. Anachechemea kidogo akirudi nyuma, mbele hachechemei. Alipogusa mpira mara ya kwanza mama watoto aliniminya paja, nina alama hadi sasa. Yule mwanamama wa miwani alikuwa anaandika.

Dakika tano kabla ya mwisho nikasikia ta.

Ukumbi mzima unapiga kelele, mimi nikasikia ta. Faulo ikapigwa, mpira ukasimama, mtu mpya akakimbilia chini ya kapu kufuta jasho, akanyanyua kidole. Mwamuzi akanyanyua mpira.

Tiara akanyanyua mkono. "Bado, mwamuzi." Akaonyesha sakafuni. Kisha akageuka, akatazama jukwaani, akatafuta safu kwa safu mpaka akanipata. Hakuniita. Alisimama tu na mkono juu.

Nilitazama upande wa katibu. Katibu alitazama dari.

Nikashuka. Sikuwa na deki, nikavua shati. Nimefuta pale kwa magoti, na tumbo langu lote hadharani, watu wakicheka, wacha wacheke. Nilifuta mpaka ubao ukaanza kulalamika. Nikasimama. Kidole gumba kikawa kizito. Nikakinyanyua.

Hakukitazama. Alikuja mwenyewe, akasugua sakafu kwa soli, mara mbili, viatu vikalia kwii, kwii. Akainama akapapasa kwa kiganja. Ndipo akamgeukia mwamuzi, akanyanyua chake.

Kocha wa chuo kamwita pembeni baada ya mechi. Si nafasi bado. Majaribio, mwezi wa saba, mguu ukipona vizuri. Mama yake kashalia tayari.

Wakati tunatoka kinyozi aliniuliza, kwa mazoea tu, maskini, "Mkuu, jumla imefika ngapi?"

"Sijui," nikamwambia. "Tumeshinda."